Akaunti 11 za muuza dagaa wa Mwaloni

Mteja wa Kahama alitaka magunia manne ya dagaa. Akaingia Facebook, akakuta ukurasa wenye picha za dagaa walioanikwa mchangani, akabonyeza kitufe cha WhatsApp. Alijibiwa haraka: mzigo upo, bei ni ile ile ya kwenye picha, tuma kishika uchumba. Alipoandika kiasi na kufika hatua ya kuthibitisha, simu ikamletea jina la mwanamume, na ukurasa mzima unazungumzia biashara ya mama. Akaghairi. Siku mbili baadaye akapewa namba ya kweli na dereva wa fuso, akapiga na kuuliza kwa ukali kwa nini wanatapeli watu.

Mama hakumtapeli mtu. Ukurasa ulikuwa wake, picha zake, hata bei ilikuwa yake, ila ya miaka mitatu nyuma. Namba ndiyo ilikuwa imeshahama.

"Shangazi, ile laini si uliitupa?"

"Niliitupa. Facebook ndiyo sikuiambia."

Tunachambua hapa jinsi biashara hii ya soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ilivyofika hapo, na jinsi ilivyofumuliwa uzi mmoja baada ya mwingine. Wanaoiendesha ni wawili, mama mwenye mali na mtoto wa kaka yake anayeshughulika na simu. Watu wakiona fujo ya namna hii hukimbilia kufuta akaunti. Mvuvi akikuta wavu umesokotana hachomoi kisu kwanza, anatafuta kamba ya maboya. Akaunti zilizofungamana nazo zina kamba yake, na ukikata kabla ya kuiona unaweza kujifungia nje ya kitu ulichotaka kubaki nacho. Kijana wa duka hili alikifanya hicho hasa siku ya pili, tutafika.

Hesabu ya kweli

Walipoulizwa wana akaunti ngapi, walisema nne. Zilikutwa 11.

Hazikupatikana kwa kukumbuka. Zilitafutwa sehemu nne. Ya kwanza ni ujumbe mfupi kwenye simu zote mbili, wakitafuta maneno ya Kiingereza "code" na "verify", kwa kuwa kila akaunti iliyowahi kufunguliwa kwa namba iliacha alama ya msimbo. Ya pili ni barua pepe, kwa kutafuta neno "welcome". Ya tatu ni orodha ya nenosiri zilizohifadhiwa ndani ya Chrome, ambayo wengi hawajui hata kama ipo, na mara nyingi ndiyo humaliza ubishi. Ya nne ni mipangilio ya Facebook, sehemu ya programu na tovuti, inayoonyesha kila mahali ulipowahi kuingia kwa kutumia akaunti ya Facebook.

Facebook peke yake ilikuwa na vitu vinne. Kulikuwa na profaili ya mama. Kulikuwa na profaili ya pili yenye jina la biashara kana kwamba biashara ni mtu. Hiyo ilikuwa imefika ukomo wa marafiki 5,000 na kukwama. Kulikuwa na ukurasa wa kwanza, uliofunguliwa na kijana wa stationery aliyewachapia vipeperushi. Na kulikuwa na ukurasa wa pili, mtupu kabisa, uliozaliwa siku Instagram ilipogeuzwa kuwa akaunti ya biashara na mtu akawa anabonyeza "endelea" kila anapoulizwa. Ongeza Instagram mbili, moja hai na moja iliyosahaulika nenosiri, WhatsApp ya kawaida kwenye laini ya mama, WhatsApp Business kwenye laini ya dukani, TikTok, X iliyoachwa, na chaneli ya YouTube yenye video mbili.

Yote yaliandikwa kwenye kaunta buku, si kwenye simu, kwa sababu simu ndiyo kitu kinachofanyiwa ukarabati. Safu zilikuwa tano: akaunti, barua pepe yake, namba yake, nani anajua nenosiri, na imeshikamana na nini. Safu ya tano ndiyo iliyochukua jioni nzima.

Nyuzi za aina nne

Uzi wa kwanza ni wa kuingilia. TikTok ilifunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha kuingia na Facebook, na Facebook yenyewe ilikuwa ile profaili yenye jina la biashara. TikTok haikuwa na nenosiri lake wala barua pepe yake. Funguo yake ilikuwa ndani ya nyumba nyingine.

Uzi wa pili ni wa kurudufu machapisho. Instagram ilikuwa inapeleka kila posti kwenye ukurasa mtupu, na stori zake kwenye profaili ya mama. Stetasi ya WhatsApp ya mama nayo ilikuwa inapelekwa kwenye stori za Facebook. Ndiyo maana picha za kitchen party ya binti wa jirani zilikaa saa 24 mbele ya wateja wa Tabora, na tangazo la mzigo mpya likaonekana mara tatu kwenye simu ya mtu mmoja, maswali ya bei yakagawanyika sehemu tatu, mawili yakakosa wa kuyajibu.

Kuna nyuzi za namna hii zilizokufa bila kumwambia mtu. Kijana aliunganisha X, enzi hizo ikiitwa Twitter, na Facebook, akaendelea kuamini kwamba anachoandika huku kinafika kule. Facebook iliufunga mlango huo wa kuchapisha moja kwa moja kwenye profaili za watu Agosti 2018. Hakuna kengele iliyolia. Aliendelea kutangaza kwenye ukuta usio na watu.

Uzi wa tatu ni wa umiliki. Ukurasa wa kwanza, wenye wafuasi wa kweli, ulikuwa na mwenye mamlaka kamili mmoja tu: kijana wa stationery. Mama aliweza kuposti lakini hakuweza kumwongeza wala kumwondoa mtu. Kijana huyo hakuwa na nia mbaya. Alishasahau kama ukurasa upo, na hilo halina nafuu yoyote, maana akipoteza akaunti yake yeye, ukurasa wa mama unaenda naye.

Uzi wa nne ni wa kurejesha akaunti, na huu ndio hatari kuliko yote. Ukisahau nenosiri, Facebook hutuma msimbo kwenye namba au barua pepe iliyoandikishwa. Profaili ya biashara na ukurasa vilikuwa bado vinaitambua laini iliyotupwa. Laini isipotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na baadaye namba hupewa mnunuzi mwingine. Mnunuzi huyo hakuiba kitu alipoinunua. Alianza kupokea ujumbe wa watu wanaoulizia dagaa, na siku moja akaamua kujibu. Angeenda hatua moja mbele, akabonyeza "nimesahau nenosiri", msimbo ungetua mkononi mwake.

Hapa namba ya simu na Gmail hazifanani. Anwani ya Gmail ikifutwa haipewi mtu mwingine, kwa hiyo akaunti iliyofungwa kwenye Gmail mfu inakuwa yatima, lakini haina mrithi wa kuogopwa. Namba hurithiwa. Ukiwa na muda wa kushughulikia kimoja tu leo, shughulikia namba.

Siku za mbalamwezi

Kazi ilipangwa wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mwezi ukikomaa mitumbwi hupumzika na Mwaloni hupoa. Sababu haikuwa ya kimila. Kubadilisha namba na barua pepe kunaweza kuifanya Facebook au Instagram ishuku na kukufungia kwa muda, na hutaki hilo likupate mzigo ukiwa umeteremshwa na wanunuzi wanasubiri bei.

Walianza na barua pepe. Ilifunguliwa Gmail mpya ya biashara kwenye simu ya mama, kwa laini yake, si ile ya kijana ya tangu sekondari. Wakawasha uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri kwanza, kisha msimbo), wakachukua misimbo ya akiba 10 ambayo Google hutoa, kila mmoja ukitumika mara moja tu, wakainakili kwenye kaunta buku. Kisha mama akapiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na si vibaya kuirudia kila baada ya miezi michache.

Baada ya hapo kila akaunti ilipewa barua pepe na namba mpya, akaunti mbili kwa siku, kwenye simu ile ile na mtandao ule ule uliozoeleka. Mpangilio ni huu: ongeza mpya, thibitisha, ifanye iwe ya msingi, ndipo uondoe ya zamani. Ukianza kwa kuondoa, unaweza kujikuta huna namba hata moja. Kosa linalojirudia ni la misimbo. Mtu anaomba msimbo, mtandao unachelewa, anaomba tena na tena. Zinafika tatu kwa pamoja, anaandika ya kwanza, inakataliwa. Inayofanya kazi ni ya mwisho kuombwa. Ukiomba mara nyingi mno utaambiwa usubiri, na hapo ngoja kweli, usijaribu kwenye simu nyingine.

Siku ya pili ndipo kijana aliporuka foleni. Aliiona profaili yenye jina la biashara haina kazi, akaiomba ifutwe. Jioni TikTok ikajitoa yenyewe kwenye simu, na mlango wake wa kurudia ulikuwa ni Facebook ile ile inayosubiri kufutwa. Tena profaili hiyo ndiyo ilikuwa mmiliki pekee wa ukurasa mtupu, na ukurasa ambao mmiliki wake pekee amefutwa hufutwa pia. Ukurasa mtupu si hasara, ila Instagram hai ilikuwa imeshikizwa kwake.

Iliokolewa na kipengele kimoja. Facebook hukupa siku 30 za kughairi kabla ya kuanza kufuta kweli. Kijana aliingia tena, akaghairi, akaingia TikTok kwa njia ya zamani, na papo hapo akaiwekea barua pepe ya biashara, namba na nenosiri lake yenyewe. Akatoka, akaingia kwa nenosiri jipya kuhakikisha. Hatua hiyo ya mwisho watu huipuuza. Usiseme uzi umekatwa mpaka umeingia bila kuutumia.

Tofauti ya kusimamisha na kufuta nayo iliwapiga chenga. Kusimamisha ni kufunga dirisha tu: ukiingia tena, au ukiitumia Facebook hiyo kuingilia programu nyingine, akaunti inaamka. Kufuta ndiko kwenye siku 30, na baada yake usafishaji wa data unaweza kuchukua hadi siku 90.

Kumrudisha mama kwenye ukurasa wake

Kijana wa stationery alipatikana kwa simu, akafika Mwaloni, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kufungua mipangilio ya ukurasa, sehemu ya ufikiaji. Alimwongeza mama na kumpa mamlaka kamili, si yale ya kuposti tu, na mfumo ukamtaka aandike nenosiri lake kuthibitisha. Mama akakubali mwaliko kwenye simu yake. Kumwondoa kijana hakukufanywa siku hiyo hiyo. Waliacha wiki ipite, kwa sababu mara nyingine mfumo haumruhusu mgeni kumtoa mwenyeji mara moja, na kwa sababu si vizuri kumtoa mtu kabla hujajua kama funguo aliyokupa inafungua. Tungeshauri wawepo wawili wenye mamlaka kamili siku zote, mwenye mali na mtu mmoja wa kuaminika. Mmoja ni wachache, watano ni soko.

Kisha Instagram ikaondolewa kwenye ukurasa mtupu na kushikizwa kwenye ukurasa wenye wafuasi. Kitufe cha WhatsApp, chanzo cha balaa lote, kikawekewa namba ya dukani. Namba ya zamani ilikutwa sehemu nyingine tatu: kwenye maelezo ya ukurasa, kwenye picha ya juu iliyochapwa namba kwa rangi nyekundu, na ndani ya posti 14 za zamani. Ukibadilisha kitufe ukaacha picha, hujabadilisha kitu. Posti za zamani zilifichwa badala ya kufutwa, maana wateja wa siku nyingi walikuwa wameandika maoni mazuri chini yake.

Facebook huruhusu kurasa mbili za biashara moja ziunganishwe kuwa moja, ila ukurasa unaomezwa hupoteza posti, picha na tathmini zake. Wanaovuka ni wafuasi. Hapa haikuhitajika. Ukurasa mtupu ulifutwa tu.

Picha ya kisado

Kuzima urudufu ndiko watu wengi hudhani wamefanya kumbe bado. Instagram na Facebook huongozwa na sehemu inayoitwa Accounts Center. Ndani yake kuna kipengele cha kushiriki kati ya profaili, na humo posti, stori na reels kila kimoja kina swichi yake. Tena njia ni mbili: kutoka Instagram kwenda Facebook ni swichi tofauti na kutoka Facebook kwenda Instagram. Stetasi ya WhatsApp ina swichi yake yenyewe, ndani ya faragha ya stetasi.

Jaribio walilotumia ni rahisi, na tunalipenda. Mama alipiga picha ya kisado kitupu juu ya meza. Akaiweka kwenye stori ya Instagram. Kijana, akiwa na simu ya mtu mwingine isiyo na akaunti yao hata moja, akangoja dakika kumi na kuangalia kila mahali. Kisado kilitokea kwenye profaili ya mama. Swichi ya stori ilikuwa bado inawaka, iliyozimwa ilikuwa ya posti. Wakazima, wakafuta, wakarudia. Mara ya tatu kisado kilibaki Instagram peke yake. Wakarudia na posti, kisha na stetasi. Waliacha uzi mmoja tu kwa makusudi: posti za Instagram kwenda kwenye ukurasa wa Facebook. Stori hazipelekwi kokote.

Sehemu ya programu na tovuti ilikuwa na vitu 23, vingi ni michezo na yale maswali ya "wewe ni mnyama gani". Viliondolewa vyote isipokuwa viwili. Anayeona ni mambo ya kitoto akumbuke Cambridge Analytica, iliyofichuka 2018: watu wapatao 270,000 walijaza dodoso la tabia kupitia programu moja, na kwa sababu ya marafiki zao data ya watu hadi milioni 87 ikachukuliwa. Kuondoa programu hakurudishi ilichokwisha kuchukua. Kunazuia tu isiendelee.

WhatsApp

Huku kazi ilikuwa fupi. Biashara ibaki kwenye WhatsApp Business, familia kwenye ya kawaida, na mama aache kujibu wateja kwa laini ya nyumbani hata kama ndiyo iko karibu. Kwenye vifaa vilivyounganishwa, ambavyo mwisho wake ni vinne mbali na simu yenyewe, ilikutwa kompyuta ya stationery ile ile, bado imefunguliwa. Ikatolewa. Wakaweka PIN ya tarakimu sita pamoja na barua pepe ya kuirejesha, vinginevyo ukiisahau PIN utakaa siku kadhaa nje.

Orodha ya matangazo hubeba watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana tangazo la namba mpya lilirudi na majibu machache. Wengi walikuwa wamehifadhi ile ya zamani. Laini ikiwa bado mkononi, tumia kipengele cha kubadilisha namba ndani ya WhatsApp kabla ya kuitupa. Kinahamisha akaunti na kuwaarifu unaowachagua. Kwa mama muda huo ulikuwa umeshapita, ikabidi kijana awapigie wateja wakubwa mmoja mmoja. Namba za wateja hao zilikuwa kwenye simu binafsi ya kijana. Zikahamishiwa ya dukani, na kule zikafutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu hata muuza dagaa.

Zilizobaki

Kutoka 11 zilibaki sita zinazotumika: profaili ya mama, ukurasa mmoja, Instagram moja, TikTok, na WhatsApp mbili. Video mbili za YouTube zilipakuliwa na chaneli ikafutwa. X iliondolewa kwenye orodha ya vitu vya kushughulikia na kuwekwa kwenye orodha ya vitu vya kutazamwa, kwani tangu ilipozimwa nchini Mei 2025 haikuwa na mteja wa kumfikia. Profaili yenye jina la biashara iliwekewa posti moja inayowaelekeza watu kwenye ukurasa, ikaachwa hivyo siku 40, ndipo ikaombewa kufutwa. Kabla ya hapo walipakua nakala ya picha zake kwa ubora wa chini, usiku, kwa bando la usiku.

Iliyoshindikana ni ile Instagram ya zamani. Iliandikishwa kwa Gmail ambayo haikuingiwa kwa miaka mingi. Google ilitangaza 2023 kwamba akaunti za namna hiyo zikipita miaka miwili zinaweza kufutwa, na hii ilikuwa imekwenda. Kiungo cha kubadilisha nenosiri kinatumwa kwenye anwani isiyokuwepo. Njia ya kujithibitisha kwa video ya uso nayo ilikataa, kwa sababu katika picha zake zote hakuna uso wa mtu, ni dagaa watupu. Ujumbe wa yule mwanamume kwa mteja wa Kahama ulipelekwa 15040, namba ya kuripoti utapeli. Kwenye Instagram hai wamebandika juu kabisa posti inayosema ipi ni yao na namba ni ipi.

Ile ya zamani bado ipo, ina picha tisa, na kwenye maelezo yake kuna namba ile ile. Mama ameipigia mara mbili. Inaita, haipokelewi.